Potopoto Moja, Hukumu Tatu: Namna Tunavyopima Mito Yetu ya Katanga



Kila mwaka, masomo yakikaribia mwisho, kuna kazi moja inayorudi katika vyuo vyetu vya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi: kupima metali nzito katika mashapo ya mto, yaani ile potopoto inayolala chini ya maji. Mto ndio unabadilika, mara Kafubu, mara Panda, mara Luilu au Musonoi. Mpangilio wa TFE yenyewe haubadiliki sana. Kurasa za kwanza zinaeleza historia ya migodi. Kisha inakuja karata ya mto na alama za mahali potopoto ilichotwa, kisha jedwali la labo, kisha fahirisi tatu au nne zenye majina makubwa. Mwisho kuna sentensi tunayoijua wote: mto umechafuka kupita kiasi, serikali ichukue hatua.

Leo nataka tuzisome kazi hizi kama tunavyosoma kitabu: zinasema nini, zimesimama juu ya nini, na mtu akizisukuma zinaangukia upande gani. Sizikosoi kwa kuzidharau. Nazikosoa kwa sababu kuna watu wanaozitegemea bila kuzisoma: bamama wanaolima lengalenga na matembele pembeni ya mto, wavuvi wa ziwa Tshangalele, watoto wanaooga pale. Siku mwanasheria wao atakapoweka TFE yako mezani mbele ya mwanasheria wa kampuni, ile sentensi ya mwisho itaweza kusimama?

Tuanze na mazuri, kwa maana yako mengi. Kuchagua potopoto badala ya maji peke yake ni uamuzi wenye akili. Maji yanapita. Ukiyachota leo saa nne, yanakuambia habari ya saa nne. Potopoto inakumbuka. Tuliona jambo hili kwa majirani zetu wa Zambia. Tarehe 18 Februari 2025 bwawa la taka za mgodi lilipasuka karibu na Chambishi, maji ya asidi yakaingia kijito cha Mwambashi hadi mto Kafue, samaki wakafa. Ili kuipunguza ile asidi, chokaa ilimwagwa mtoni, nyingine kutoka kwenye ndege. Kwa kemia ni sawa: asidi ikipungua, metali zilizoyeyuka ndani ya maji zinagandana na kushuka chini. Lakini angalia matokeo yake. Maji yanaweza kurudi kuwa mazuri kwenye vipimo, na metali bado ziko mtoni, zimehamia tu kwenye potopoto. Mtu anayepima maji peke yake ataandika kwamba shida imeisha. Anayepima mashapo ataiona bado.

Kwa hiyo wanafunzi wetu wanachimba mahali panapofaa. Shida inaanza wanapotoka labo na kukaa mbele ya kompyuta.

Fahirisi inayopendwa kuliko zote ni ile ya Müller, Mjerumani aliyeitoa mwaka 1969 akifanya kazi juu ya mashapo ya mto Rhine. Hesabu yake ni nyepesi. Unachukua kiasi cha metali ulichokuta, unakigawanya kwa kiasi cha asili kilichozidishwa mara 1,5, kisha unatafuta logarithmu ya msingi wa 2. Ukipata sifuri au chini yake, mto ni msafi. Ukipita 5, uko daraja la 6, la juu kabisa. Katikati kuna madaraja matano. Kila nambari moja unayopanda, uchafu umeongezeka maradufu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana shida iko hapa. Katika hesabu hii nambari moja tu inatoka mtoni. Ile nyingine, kiasi cha asili, mwanafunzi anaichagua. Na karibu kila mara anaichukua mahali pamoja: jedwali la Turekian na Wedepohl la mwaka 1961, linaloonyesha wastani wa dunia wa miamba iliyotokana na tope. Shaba mg 45 kwa kilo, kobalti 19, zinki 95, risasi (ile plombi) 20.

Wastani wa dunia! Na sisi tuko Katanga, kwenye ardhi yenye vilima ambako miti haioti vizuri kwa sababu ya shaba iliyo ndani ya udongo, ambako yanaota majani madogo yenye maua ambayo wajiolojia waliyafuata kutafuta madini. Wazee wetu waliyeyusha shaba hapa na kutengeneza ile misalaba midogo karne nyingi kabla mzungu hajafika. Kusema kwamba udongo wa nchi hii kwa asili una shaba mg 45 ni kuazima kipimo cha mtu mwingine na kukiita cha kwako.

Tufanye hesabu ya mfano. Nambari nimezichagua mimi ili kuonyesha jambo, hazitoki kwenye mto wowote. Tuseme potopoto yako ina shaba mg 1800 kwa kilo.

Mwanafunzi wa kwanza anatumia wastani wa dunia, 45. Anapata 4,7. Daraja la 5: mto umechafuka vibaya sana, karibu na mwisho wa ngazi.

Wa pili anapanda juu ya mto, anapita migodi yote, anachota potopoto kwenye mwamba wa aina ileile na kukuta 400. Anapata 1,6. Daraja la 2: uchafu wa kadiri.

Wa tatu naye anatafuta kipimo cha hapahapa, lakini anachota karibu na mji, mahali ambapo moshi wa kinu umeshuka miaka mingi. Anakuta 1200 na kuiita ya asili. Anapata sifuri. Mto ni msafi!

Potopoto ni ileile, labo ni ileile, hukumu ni tatu. Njo maana ninasema fahirisi peke yake haihukumu kitu. Anayehukumu ni yule aliyechagua kiasi cha asili, na mara nyingi amekichagua katika mstari mmoja wa TFE bila kutoa sababu.

Msifikiri kwamba kosa la kwanza ni dogo kwa sababu linawaelekea wananchi vizuri. Kwa kweli ndilo linalowaumiza zaidi. Sheria yetu ya migodi, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamlazimu mwenye haki ya kuchimba alipe madhara yaliyotokana na kazi yake, hata kama hakufanya kosa. Hatua kubwa ile. Mlalamikaji hahitaji tena kuonyesha uzembe. Lakini bado anapaswa kuonyesha kwamba madhara yametokana na kazi ile. Na jibu la kampuni tunalijua wote: shaba iko katika ardhi ya Katanga toka Mungu alipoiumba. Kama TFE yako imesimama juu ya 45, jibu hilo moja linaibomoa. Mtaalamu wao atafungua ukurasa wako wa mbinu, ataweka kidole kwenye mstari ule, na mama wa bustani atarudi nyumbani mikono mitupu, hata kama kweli ilikuwa upande wake.

Kosa la tatu ni la hatari kwa njia nyingine. Kinu cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911. Moshi wa zaidi ya miaka mia moja hauulizi mpaka wa mji. Udongo wa juu wa sehemu kubwa tunayoishi umeshaguswa. Mtu akichota kwenye udongo ule na kuuita wa asili, anazika uchafu wa zamani chini ya neno zuri, na uchafu wa leo unaonekana si kitu.

Kuna kosa jingine ambalo juri mara nyingi linalipitisha bila kuliona. Labo nyingi zinayeyusha potopoto kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya kloridriki. Mchanganyiko huo una nguvu, lakini hauvunji madini yote ya mawe. Sehemu ya metali inabaki imefungwa ndani ya chembe. Lile jedwali la 1961 linahesabu metali yote. Mwanafunzi anagawanya nusu-yote kwa yote, na hakuna anayeuliza. Halafu kuna suala la mchanga. Metali zinashikana na chembe ndogo zaidi kuliko kubwa, njo maana watafiti wengi wanachekecha hadi chini ya mikromita 63. Ukichota mchanga chini ya daraja na potopoto laini kwenye kona ya mto, kisha ukalinganisha bila kuchekecha na bila kusahihisha kwa aluminiumu, unapima tofauti ya mchanga na potopoto. Uchafu hujaupima bado.

Tuje kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote: kobalti.

Fahirisi ya pili inayopendwa ni ya hatari kwa viumbe, ya Hakanson, Msweden, mwaka 1980. Yeye alifikiria maziwa ya kwao. Kila kichafuzi alikipa uzito wake: zebaki 40, kadmiamu 30, arseniki 10, shaba na risasi 5 kila moja, kromu 2, zinki 1. Mmeisikia kobalti? Haimo. Hakuikosea heshima, haikuwa shida yake. Fungua tena jedwali la mipaka ya mashapo ya maji baridi lililotolewa na MacDonald na wenzake mwaka 2000 kwa takwimu za Marekani ya Kaskazini, lile lenye shaba mg 149 kama mpaka wa juu. Lina metali nane. Kobalti haimo vilevile.

Na Congo ndiyo inatoa sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia nzima. Serikali yetu yenyewe iliitangaza madini ya kimkakati mwaka 2018. Halafu mtoto wa Kolwezi anaandika TFE juu ya mto wa Kolwezi, anajumlisha hatari kwa fomula ya Uswidi, na ile metali inayoujaza ule mto haihesabiwi hata alama moja. Ni sawa na kupika bukari bila unga na kushangaa kwa nini maji hayakazi. Wengine wanaona pengo na kuiongeza kobalti kwa uzito wa 5, kwa sababu wamekuta mwenzao amefanya vile. Ukiwauliza 5 imetoka wapi, wanakuonyesha kazi nyingine, na ile inakuonyesha nyingine.

Uzito wenyewe nao una mchezo wake. Chukua ile potopoto yetu ya mfano. Shaba 1800 kwa kiasi cha asili cha 45 ni mara 40. Ukizidisha kwa 5 unapata alama 200. Kadmiamu mg 1,5 tu, kwa kiasi cha asili cha 0,3, ni mara 5. Ukizidisha kwa 30 unapata 150. Kwa hiyo kosa dogo la labo la mg 0,3 kwenye kadmiamu, kosa ambalo mashine iliyosawazishwa vibaya inaweza kulifanya kila siku, linakuongezea alama 30. Kama TFE haionyeshi sampuli tupu, haionyeshi marudio, wala sampuli ya rejea yenye kiasi kinachojulikana, zile alama ni za nani? Za mto au za mashine?

Tena kuna swali ambalo fahirisi hizi zote haziliulizi: metali ile inaweza kutoka kwenye potopoto? Tangu Tessier na wenzake mwaka 1979 tunayo njia ya kuosha mashapo kwa hatua, toka dawa laini hadi asidi kali, na kuona ni kiasi gani kinatoka katika kila hatua. Kwetu hili si anasa. Malakiti, lile jiwe la kijani tunalolijua toka utoto, ni kabonati. Asidi kidogo inatosha kuiyeyusha. Kobalti inapenda kushikana na oksidi za manganizi. Hewa ikiisha ndani ya potopoto, oksidi zile zinaachia. Shaba iliyofungwa ndani ya salfaidi au ndani ya chembe ya jiwe ni habari tofauti kabisa. Mito miwili inaweza kuwa na 1800 sawasawa, mmoja ukalisha sumu samaki na bustani, mwingine ukakaa kimya miaka. Mama wa bustani hakuulizi shaba iko kiasi gani chini ya mto. Anakuuliza: "Sasa hii lengalenga tukule, ao tuache?" TFE isiyogusa hatua hii haina jibu kwake.

Mtu atasema: unadai mambo ya Ulaya, sisi hata umeme wa labo ni bahati. Naelewa. Lakini tazameni kazi moja iliyofanyika kwetu, ile iliyochapishwa mwaka 2009 na Profesa Banza Lubaba wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzake wa Leuven. Walipima metali katika mkojo wa watu wa kusini mwa Katanga. Walichokifanya vizuri kuliko kingine chochote hakikuwa mashine. Waliwagawa watu kwa umbali: wanaoishi chini ya kilomita 3 toka mgodi au kiwanda, wanaoishi mbele kidogo, na wale wanaoishi nje kabisa ya eneo la migodi. Wa karibu walikutwa na kobalti, risasi, kadmiamu na hata uranyumu zaidi ya wale wa mbali. Hakuna aliyeweza kujibu kwamba watu wa Katanga wanazaliwa na kobalti. Ulinganisho ulikuwa wa hapahapa, na njo maana kazi ile inatajwa hadi leo duniani kote.

Ulinganisho kama ule unawezekana kwenye mito pia, na kwa pesa ambayo si ya kutisha. Njia ya kwanza ni kupanda juu ya migodi, kwenye mwamba wa aina ileile, na kuchota sampuli kadhaa. Moja haitoshi, kwa sababu asili nayo haina nambari moja. Toa kiwango cha chini na cha juu. Ya pili ni kushuka badala ya kupanda: kupiga bomba ndani ya potopoto na kutoa nguzo yake, tabaka juu ya tabaka. Ziwa Tshangalele linapokea maji ya Lufira, na Lufira inapokea Panda inayotoka Likasi. Ziwa lile lilizaliwa na bwawa la Mwadingusha karibu mwaka 1930. Maana yake, potopoto yote ya ziwa ni ya enzi za viwanda, na chini yake umelala udongo wa bonde la zamani. Bomba, kisu na uvumilivu vinatosha kuanza. Nguzo kama ile inaonyesha mambo ambayo ndoo kumi za juu haziwezi kuonyesha: mwaka hadi mwaka, nani alikuwa anafanya kazi huku juu wakati metali ilipopanda. Mbele ya jaji, tarehe ina nguvu kuliko daraja la 5.

Ya tatu haigharimu hata franka: kuchapisha nambari ghafi. TFE nyingi zinatoa wastani na fahirisi, na jedwali la kweli linabaki kwenye kompyuta ya mwanafunzi mpaka kompyuta inaibiwa. Nambari ghafi zikiwepo, mwingine anaweza kurudia hesabu kwa kiasi cha asili kilicho bora zaidi miaka kumi baadaye. Fahirisi peke yake haiwezi kurudishwa kuwa mto. Na ya nne: andika kobalti, andika uranyumu pia kwa mito ya upande wa Likasi, hata kama hakuna fomula ya kuziingiza. Pale ambapo mipaka haipo, sema wazi kwamba haipo, kisha toa kiasi ulichokuta karibu na kile cha juu ya mto. Msomaji atalinganisha mwenyewe.

Nawageukia sasa wale kati yetu wanaokaa kwenye juri, maana katika chama hiki mko wengi. Mwanafunzi anafuata kinachopewa alama. Kama kila mwaka mnamsifu kwa fahirisi tano na rangi nzuri kwenye karata, mwaka ujao ataleta sita. Muulizeni swali moja kabla ya mengine yote: kiasi chako cha asili umekitoa wapi, na kwa nini? Akijibu vizuri, kazi yake ina miguu hata kama ina sampuli nane tu. Akijibu kwamba ameikuta kwa wengine, mrudisheni mtoni, hata ikiwa mvua imeshaanza na barabara ya Kipushi iko mbaya.

Maana pembeni ya ule mto kuna watu ambao hawatasoma TFE hata moja maishani mwao. Wanalima, wanavua, wanauza sokoni, na sisi tunanunua. Siku watakapokwenda kudai haki yao, karatasi watakayoshika mkononi itakuwa imeandikwa na mmoja wetu.